Nyumba bila karatasi: kodi ilipwe, lakini ilipwe vipi?

Mu miji yetu ya migodi, ile habari inarudia kila mwaka: majengo mingi imesimama bila ruhusa ya kujenga, na jimbo halipate kodi ya lupango na nyumba. Wakubwa wanasema ile feza irudi mu kasha. Siye wa sendika tunajibu: vizuri, lakini tuelewane kwanza.

Tuanze na ukweli, hata kama unauma. Katiba ya 2006 iliweka kodi ile mu mikono ya majimbo. Sheria yenyewe ni ya 1969, na haiulize tu mwenye cheti: hata ule anayeshika nyumba anadaiwa. Basi kusema "sina karatasi, silipe" haina nguvu. Lakini tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Leta. Bila cheti, wewe uko tu mwenye kukaa. Leo unalipa, kesho wanakuambia nyumba yako haijulikane. Leta ikikujua paka siku ya kulipa, ile si kodi tena, ni mutego.

Na hizi nyumba zilitoka wapi? Zamani kampuni ndiyo ilitulalisha mu kambi. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watumishi 10 000 wa Gécamines waliondoka mu ule mupango wa "kuondoka kwa kupenda", Banki ya Dunia ikitoa feza. Wenye kubakiza kitu kidogo mu dekonti yao walinunua matofali. Kiisha vijana wakakuja kutafuta kobalti, Kolwezi ikajaa, na mwaka 2015 ikawa mji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Ofisi ya udongo haikukimbia sawa watu. Mutu alipata kikaratasi kwa mukubwa wa kartie, akajenga. Haikuwa ujanja: watoto walipaswa kulala.

Sasa tuangalie feza iko wapi. Vila inahesabiwa kwa metre karé. Majengo mingine inalipa kiasi kimoja kwa kila etaji, kufuatana na daraja la mahali. Kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili ya mama mujane haiwezi kujaza kasha la jimbo. Mali iko kwa mavila, mahoteli, madepo na maetaji ya pembeni ya barabara kubwa. Na kule pia kuko majengo bila ruhusa. Kuhesabu kuanzie pale. Wakianza na siye wadogo, tutajua wanaogopa nani.

Jambo la pili ni resu. Wandugu wa Kasulo na wa Cité Gécamines, kule Kolwezi, wanajua: mugodi ukipanuka, swali la kwanza ni "ulikuwa unakaa hapa tangu lini?" Resu ya kodi si cheti cha lupango, lakini inasema jina lako, mahali na mwaka. Ndiyo maana tunakataa kulipa mu mikono. Kodi ipite ku banki, jina liandikwe, namba ya nyumba iandikwe. Na ule anayelipa afunguliwe njia ya kutengeneza karatasi yake pole pole, kwa bei ambayo mushahara wa muchimbaji unaweza kubeba. Kulipisha mutu na kumubomolea nyumba mwaka ule ule, hapana.

Ya tatu, hesabu. Tangu sheria ya madini ya 2018, 15 kwa mia ya ile redevansi ya migodi inapaswa kufika ku komini na sekta zenye migodi. Watu wanauliza: ilijenga kanivo gani, ilipaka rangi masomo gani? Komini itundike hesabu ku mulango wake, kila mutu asome. Mutu akiona kazi, analipa bila kusukumwa na polisi.

Tukingojea, tushauriane. Usimupe mutu makuta juu anavaa kizibao. Muulize karatasi ya kazi, jina la ofisi na namba ya konti ku banki. Resu zote zitie pamoja na karatasi za kazi na za masomo ya watoto, na mama wa nyumba ajue ziko wapi. Siku mutu akigonga mulango, ni yeye atakuwa mu nyumba. Siye tutakuwa chini mu mugodi.