Dhamana Si Hukumu



Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 19 amekamatwa kwa uhusiano wake na binti wa jirani mwenye miaka 16. Mama yake afika mahakamani mapema, na neno alilolichukua kifuani ni moja tu: “Mheshimiwa, watoto hawa walikuwa wakipendana.” Adhani neno hilo ndilo litakalomtoa mwanawe. Sivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ridhaa yake haihesabiwi. Binti akiwa na miaka 16 au 17, atakayepatikana na hatia hufungwa miaka isiyopungua 15. Na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya kipimo hicho. Lakini hayo ni ya hukumu. Dhamana ni mlango mwingine, na ina maswali yake.

Kifungu cha 49 cha Katiba champa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Kosa hili halikutengwa na haki hiyo, na ni juu ya upande wa mashtaka kuzionyesha sababu hizo. Basi hakimu haulizi kama walipendana. Auliza: Je, kijana huyu atarudi siku ya kesi, au ukubwa wa adhabu utamtorosha? Ana makao yanayojulikana? Binti atakuwa salama, na ataweza kutoa ushahidi wake pasi na kushawishiwa wala kutishwa? Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 yataka usalama wa binti na jamaa zake utazamwe masharti ya dhamana yanapopangwa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojiharibia. Usiku ule ule wazee wawili watatu hutumwa nyumbani kwa binti, na maneno laini, pengine na bahasha, kuomba kesi iondolewe au wawili hao waozwe. Nia huenda ikawa njema, kwani sulhu ni jambo tulilolelewa nalo. Lakini jinai ni kesi ya serikali, si ya baba wa binti kuisamehe. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu yake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuozwa. Mbele ya hakimu, ziara ile ya usiku yaweza kuhesabiwa kuwa ni kuingilia shahidi, na hiyo ni sababu nzito ya kunyima dhamana. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Familia ifanye nini, basi? Itafute mdhamini mwenye makao na kipato kinachoweza kuthibitishwa. Itafute jamaa wa mji mwingine atakayekubali kukaa na kijana hadi kesi ishe, maana nyumba zinazopakana ukuta humtia hakimu wasiwasi. Na kijana aelezwe waziwazi: hakuna simu, hakuna ujumbe, wala salamu za kupitia kwa dada au rafiki. Akivunja sharti, dhamana hufutwa.

Ikiwa kijana mwenyewe hajafika miaka 18, cheti chake cha kuzaliwa kipelekwe siku ya kwanza. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema mtoto asizuiliwe ila pale isipokuwapo njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.

Nanyi wazazi wa binti, mshtakiwa kupewa dhamana si kuachiwa huru, na kesi ingalipo. Mwambieni kiongozi wa mashtaka mnachokihofia kabla uamuzi haujatolewa. Na nyumbani msimchoshe binti kwa lawama; amebeba mzigo wa kutosha.

Ama yule mama wa mfano wetu, neno la kumsaidia lipo, nalo ni jepesi kuliko alilokuja nalo: “Mheshimiwa, mwanangu atakaa kwa ami yake Voi, na hatamkaribia binti huyu.”