Ngazi Waliyopandia



Mtu ameegemeza ngazi kwenye mnazi. Amepanda, amefika kileleni, anaangua madafu na kunywa. Kisha anaipiga ngazi teke, inaanguka. Walio chini wakimwuliza wapandeje, anawajibu: "Pandeni kwa mikono mitupu, ndivyo nilivyopanda mimi." Je, mtu huyo tumwite mwalimu? Na ushauri wake tuupokee?

Mfano wa ngazi ni wa zamani. Aliuandika Mjerumani Friedrich List mwaka 1841, akiwasema Waingereza wa wakati wake. Mnazi na madafu tumeongeza sisi. Aliyeufufua mfano huo katika siku zetu ni mchumi wa Korea ya Kusini, Bwana Ha-Joon Chang, aliyezaliwa Seoul mwaka 1963, na ambaye tangu mwaka 1990 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa zaidi ya miaka thelathini. Kitabu chake Kicking Away the Ladder, yaani Kuipiga Teke Ngazi, kilitoka mwaka 2002. Kikafuatwa na Bad Samaritans, yaani Wasamaria Wabaya, mwaka 2007. Kisha mwaka 2010 kikatoka 23 Things They Don't Tell You About Capitalism, kinachoeleza mambo 23 ambayo watu hawaambiwi juu ya ubepari.

Leo twasema juu ya vitabu hivi kwa sababu yaliyomo humo si mambo ya maprofesa peke yao. Yanahusu nguo aliyovaa mwananchi, pamba aliyoilima, na kazi ambayo mwanawe ameikosa.

Tumezoea kuambiwa ya kwamba Uingereza ilitajirika kwa kuacha milango ya biashara wazi. Bwana Chang hakubishana kwa maneno matupu. Alikwenda kwenye kumbukumbu. Akakuta ya kwamba mwaka 1721 serikali ya Robert Walpole ilipunguza ushuru wa malighafi zilizoingia nchini, ikapandisha ushuru wa bidhaa za viwanda vya kigeni, na ikawapa ruzuku watengenezaji waliouza nje. Kabla ya hapo, mwaka 1699, makoloni yalikatazwa kuuza nje nguo zao za sufu. Na kaniki na chiti za India, zilizokuwa bora na rahisi kuliko za Waingereza wenyewe, zilizuiwa kwa sheria za mwaka 1700 na 1721. Hata kufikia mwaka 1820, ushuru wa Uingereza juu ya bidhaa za viwanda vya kigeni ulikuwa wastani wa asilimia 45 hadi 55. Sheria za kuzuia nafaka za nje zilifutwa mwaka 1846, na hapo ndipo mahubiri ya soko huria yalipoanza kuvuma. Wakati huo viwanda vya Uingereza havikuwa na mpinzani duniani. Aliyekwisha kushiba alianza kuwafundisha wenye njaa adabu ya mezani.

Marekani nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1776 Adam Smith aliwaonya Wamarekani wasizuie bidhaa za Ulaya, bali walime tu. Mwaka 1791 Alexander Hamilton, waziri wao wa kwanza wa fedha, aliwaandikia wabunge kinyume chake: viwanda vichanga lazima vilindwe mpaka vipate nguvu. Wamarekani wakamfuata Hamilton. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 ushuru wao ulikuwa miongoni mwa ushuru mkubwa kabisa duniani, na uchumi wao ukakua upesi mpaka ukawapita Waingereza. Kama wangalimtii Smith, pengine hata leo wangalikuwa wakipeleka pamba yao Manchester na kusubiri wapangiwe bei.

Sasa tuitazame nchi yake Chang mwenyewe. Kwa hesabu anazozitoa, mwaka 1961 pato la Mkorea mmoja lilikuwa dola 82 kwa mwaka, na la Mghana dola 179. Korea iliuza nje madini ya tangisteni, samaki, na baadaye nywele za bandia zilizotengenezwa kwa nywele za watu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu hata kuvuta sigara ya kigeni kukawa ni aibu mbele ya taifa, maana kila dola ilitakiwa kununua mashine. Serikali ilipotaka kujenga kiwanda cha chuma, Benki ya Dunia haikuunga mkono mpango huo. Korea haikuwa na chuma ghafi cha kutosha wala makaa ya kufaa. Wakorea wakatumia fedha walizopata kwa Wajapani, wakaunda shirika la POSCO mwaka 1968, na mwaka 1973 tanuri likaanza kutoa chuma. Shirika hilo likaja kuwa miongoni mwa makubwa ya chuma duniani. Samsung, ambayo leo simu zake zimo mifukoni mwetu, ilianza mwaka 1938 kwa kuuza samaki wakavu, mboga na matunda.

Chang anauliza swali ambalo kila mzazi atalielewa. Je, mtoto wa miaka sita atolewe shule akang'arishe viatu ili asiwe mzigo nyumbani? Anaweza, na senti atapata. Lakini mtoto huyo hatakuwa daktari wala mhandisi. Kiwanda kichanga kinachosukumwa sokoni kushindana na majabari ni mtoto huyo mng'arisha viatu.

Isidhaniwe ya kwamba Bwana Chang ni adui wa ubepari. Mwenyewe anasema waziwazi kuwa hataki kuuzika. Anachokipinga ni ile imani ya kwamba soko likiachwa peke yake hutenda haki, na serikali ikigusa huharibu. Anakumbusha ya kwamba mwaka 1819, Bunge la Uingereza lilipotaka kukataza watoto wa chini ya miaka tisa wasifanye kazi katika viwanda vya pamba, wapo waliopiga kelele kuwa uhuru wa mkataba unavunjwa. Leo hakuna mtu mwenye haya atakayesema hivyo. Kwa hiyo kila soko lina mipaka iliyowekwa na watu. Swali ni nani kaiweka, na kwa faida ya nani.

Maneno haya yaliwachoma wengine hata kwao. Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Korea ya Kusini ilikitia Wasamaria Wabaya katika orodha ya vitabu 23 visivyoruhusiwa kambini. Askari wakakatazwa kukisoma, raia wakakimbilia madukani kukinunua. Penye kukatazwa ndipo penye kuchungulia.

Na sisi je? Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilipewa mikopo yenye masharti: punguzeni ushuru, ondoeni ruzuku, uzeni mashirika ya umma. Hatukuulizwa kama walioandika masharti hayo walipata kuyafuata wao walipokuwa wadogo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo mpaka ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vipate pumzi. Mwaka 2017 wafanya biashara wa mitumba wa Marekani walishitaki kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Nchi iliyomsikiliza Hamilton mwaka 1791 ndiyo iliyoiadhibu Rwanda kwa kumsikiliza Hamilton huyo huyo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, ndugu, hatutaki msomaji afunge gazeti hili akidhani ya kuwa dawa ni kupandisha ushuru tu, kisha tulale. Wapo wachumi wanaompinga Chang, na hoja yao ina uzito. Wanasema nchi nyingi zilijenga kuta za ushuru na bado zikabaki maskini. Basi kuta peke yake si siri ya utajiri. Jambo hilo ni kweli, na sisi tunalijua kwa macho yetu. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, na vingine vya nguo vikafuata katika miji mingine. Khanga zake zilivaliwa nchi nzima. Lakini viwanda vingi vya namna hiyo vilikuja kudhoofika, vingine vikafungwa, na hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inasafirishwa nje bila kuwa uzi. Hatuwezi kumtupia mgeni lawama yote. Mashine zilizokosa vipuri, umeme uliokatika, na mameneja waliojua ya kuwa hasara italipwa na hazina, hayo pia yalichangia.

Hapa ndipo Korea inapotufundisha somo ambalo wengi hulipita. Kule ulinzi haukuwa zawadi. Kampuni iliyopewa mkopo na benki za serikali ilipangiwa kiasi cha kuuza nje. Iliyoshindwa iliweza kunyimwa mkopo. Mtoto alilishwa, alisomeshwa, lakini alifanya mtihani. Kumlisha mtu wa miaka arobaini kwa kisingizio cha utoto si malezi, ni kuwaibia ndugu zake.

Na jambo la pili tusilifiche. Kupanda kwa Korea kulikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Park Chung-hee, aliyeshika nchi kwa nguvu mwaka 1961. Tarehe 13 Novemba 1970, mshona nguo kijana Jeon Tae-il alijichoma moto mjini Seoul akidai sheria za kazi zifuatwe, kwa kuwa wasichana wa viwandani walikuwa wakiteketea kwa kazi ya mchana na usiku. Ngazi ile ilikuwa na damu kwenye vipago vyake. Sisi hatulazimiki kuiga na hilo.

Basi tufanye nini? Twaona ya kwamba kila mwanachama awe na maswali matatu mkononi. La kwanza, akija mshauri na masharti yake, aulizwe: nchi yako ilifanya hivyo ilipokuwa maskini kama sisi? La pili, akija mwenye kiwanda kuomba alindwe, aulizwe: utalindwa kwa miaka mingapi, na kila mwaka utatuonyesha nini? La tatu, na hili ndilo kubwa: nani atalipa? Mitumba ikizuiwa, hatalipa mkubwa anayeshonewa suti. Atalipa mama anayemtafutia mwanawe shati sokoni, na kijana anayeishi kwa kuuza robota moja kwa wiki. Huyo ndiye mwenye deni la kudai. Kila senti anayoiongeza kwenye bei ya shati ni mkopo anaomkopesha mwenye kiwanda, na mkopo hurudishwa: kwa kazi, kwa nguo imara, na kwa mkulima wa pamba kupata bei ya haki.

Kiongozi anayemlinda mwenye kiwanda bila kumdai chochote anamsaliti mama huyo. Na kiongozi anayefungua milango yote kwa sababu kaambiwa na wakubwa, anamsaliti mwanawe. Wote wawili wana maneno matamu.

Vitabu vya Bwana Chang vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini si kwa Kiingereza cha kutishia watu. Mwenyewe anasema elimu ya uchumi kwa sehemu kubwa ni akili ya kawaida iliyovikwa maneno magumu. Wanaoweza kuvisoma wavisome, kisha wakae na wenzao wawaeleze kwa Kiswahili. Elimu ya kodi, ushuru na mikopo ikibaki kwa wachache, wachache hao ndio watakaoamua tule nini na tuvae nini.

Ngazi haikuanguka mbali. Iko chini, miguuni petu. Tuiinue, tuitengeneze vipago, na tumpandishe kila mtu, siyo wenye nguvu peke yao.