Tunakili Kwanza, Ndipo Tutengeneze

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya kompyuta za mezani zilizomo katika chumba chetu cha kompyuta, na hasa juu ya diski zake, maana jambo hili limekuwa mazungumzo ya bwalo na ya mabweni tangu muhula uliopita. Wasomaji watakumbuka kwamba gazeti la muhula ule lilitoka jembamba, na kwamba tuliwataka radhi wale ambao insha zao hazikuchapwa. Watu waliambiwa kuwa kompyuta imekufa. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba kompyuta ile ilikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyeitibu vibaya. Yanipasa kuungama hayo kabla ya kumshauri mtu mwingine yeyote.

Sasa wapo wasemao kwamba kompyuta kuukuu zote zitupwe, zinunuliwe mpya. Wapo pia wasemao kwamba mwanafunzi asiruhusiwe kabisa kugusa kompyuta yenye hitilafu. Kwa heshima kubwa naona kwamba wote hao hawajagusa penye kidonda. Maoni yangu ni haya: kompyuta kuukuu zibaki, wanafunzi wafundishwe kuzitengeneza, lakini iwekwe sheria moja isiyovunjwa na mwalimu wala mwanafunzi. Sheria yenyewe ni kwamba diski ikionyesha kosa, tunakili kwanza vilivyomo, ndipo tutengeneze.

Nitaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Jioni moja, wakati wa kujisomea, mimi na mwenzangu wa kamati ya gazeti tuliwasha kompyuta iliyokuwa na insha zote 38 za muhula. Iliwaka polepole mno, ikakwama, kisha ikatoa maandishi kwamba diski ina makosa. Mimi nilikuwa nimesikia habari za amri iitwayo chkdsk, ambayo imo ndani ya Windows na kazi yake ni kukagua diski. Nikajiona fundi.

Mwenzangu akaniuliza, "Bwana, tumenakili zile insha?"

Nikamjibu, "Amri hii inatengeneza, haiharibu. Wewe tazama tu."

Tukatazama. Hesabu ilianza kwenda, ikasimama, ikaenda tena, na ndani ya sanduku tukasikia mlio mdogo kama wa mtu anayegonga kucha juu ya meza. Sikuujali. Kengele ya kulala ilipolia tuliiacha ikifanya kazi. Asubuhi tulikuta faili nyingi hazina tena majina, zimebaki namba tupu, na tulipozifungua tulipata insha 9 tu zilizo nzima. Siku iliyofuata diski ile haikuzunguka tena. Zile karatasi zilizoandikwa kwa mkono tulikuwa tumekwisha kuzichoma, kwa kuwa tulisema, "Zimeingia kwenye kompyuta, za nini tena?"

Katika insha zilizopotea ilikuwamo ya mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili. Wakati wa likizo alikuwa amekaa na bibi yake, akaandika maneno yake juu ya maisha ya ujana wake. Bibi yule alifariki kabla gazeti halijatoka. Kijana alinijia bwenini akauliza kama insha yake yaweza kupatikana. Nilimwambia haipatikani. Akasema, "Si neno, kaka," akaenda zake. Tangu siku ile sijapata kusahau uso wake. Juu ya hayo, mwalimu wetu wa kompyuta ndiye aliyelaumiwa mbele ya watu kwa kutotunza vifaa, naye hakuwapo chumbani jioni ile. Alibeba lawama yangu, wala hakunitaja.

Baada ya hapo nilikusudia kujua nilikosea wapi, na haya niliyojifunza ndiyo nipendayo kuwapa wenzangu.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa sentimita 61 hivi, nazo zote pamoja ziliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski zilizomo katika kompyuta zetu huenea katika kiganja cha mkono na huhifadhi maelfu ya mara zaidi ya hapo. Walakini tabia moja haikubadilika. Ndani yake mna sahani zenye sumaku zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachopita juu yake karibu sana pasipo kuzigusa. Na kila kitu kinachozunguka mwisho wake huchakaa.

Ili jambo hili lieleweke, tuifananishe diski na stoo ya shule. Mna magunia, ndiyo maandishi yetu. Na mna daftari la mtunza stoo, lionyeshalo kila gunia limewekwa wapi. Stoo yaweza kupatwa na maradhi ya namna tatu.

La kwanza ni daftari kukosewa. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, ni kama mtunza stoo aliyenyang'anywa kalamu katikati ya mstari. Magunia ni mazima, lakini daftari halipatani nayo. La pili ni sakafu kuoza, yaani sehemu za diski ziitwazo sekta huharibika zisiweze kusomeka. La tatu ni njia ya kwenda stoo kuwa mbovu: kebo inayotoka kwenye diski imelegea au imechoka, na kompyuta hudhani kuwa diski ndiyo yenye kosa.

Basi amri ya chkdsk hufanya nini? Ikiandikwa peke yake, husoma na kutoa habari tu, haibadilishi kitu. Ikiongezewa mkwaju na herufi f, hulisahihisha daftari. Magunia yasiyo na mwenyewe daftarini huyakusanya pembeni katika folda iitwayo FOUND.000, na kuyapa namba mahali pa majina. Ikiongezewa herufi r, hufanya hayo yote, kisha hupita juu ya sakafu nzima hatua kwa hatua, ikipima kila sekta na kujaribu kuokoa kinachosomeka. Kwa diski yenye afya hiyo ni kazi njema. Kwa diski iliyo karibu kufa, ni kumkimbiza mgonjwa mahututi kuzunguka uwanja wa mpira ili kumpima pumzi. Mimi ndivyo nilivyofanya, tena bila kutoa hata gunia moja nje.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Amri ile hutunza mpangilio wa stoo, wala haijui gunia lipi lina mbegu na lipi lina pumba. Ikiwa daftari litanyoka kwa kupoteza insha ya bibi wa mtu, yenyewe itasema kazi imekwisha vizuri. Ni sisi tunaojua thamani ya kilichomo, na kwa hiyo ni sisi tunaopaswa kukitoa kwanza.

Muhula huu kompyuta ya pili ilitoa makosa kama yale. Safari hii mwalimu alisimama nasi. Hatukuiwasha kwa Windows yake. Tuliiwasha kwa flashi yenye mfumo wa Linux, tukanakili faili zote kwenye diski ya nje, tukafungua baadhi yake tuhakikishe zinasomeka. Kisha tulitazama hesabu ambayo diski hujiwekea yenyewe ya sekta mbovu ilizobadilisha kwa sekta za akiba. Hesabu ile ilikuwa sifuri, basi tukajua sakafu ni nzima. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua sanduku kwa bisibisi, tukaona kebo ya diski imelegea. Tuliweka nyingine iliyotoka katika ile kompyuta iliyokufa. Mwisho kabisa ndipo tulipotoa amri ya chkdsk yenye herufi f ili kulinyoosha daftari. Kompyuta ile inafanya kazi mpaka leo, na ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wanajifunzia kupiga chapa juu yake. Gharama yake haikuzidi jioni moja.

Kama tungaliona hesabu ya sekta mbovu inazidi kukua, tungalinakili tulichoweza na kuiweka diski kando, kwa sababu hakuna amri iponyayo sakafu iliyooza. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huanza kuchukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na zile ngumu huzirudia baadaye. Na diski ikigonga kama ile yetu ilivyogonga, dawa ni moja: izimwe papo hapo, aitwe mtu anayejua zaidi.

Kwa wale wanaotaka kompyuta kuukuu zitupwe, nauliza: je, mpya hazitakuwa kuukuu? Umeme hautakatika juu yake? Tabia yetu ya kutonakili itaambatana nasi hata kwenye kompyuta iliyotoka dukani leo, na hasara itakuwa ile ile. Na kwa wale wanaotaka tufungiwe mlango, naungama kwamba wana haki ya kuogopa, nami nimewapa sababu. Lakini mtoto aliyekatwa na kisu wakati wa kumenya muhogo hafundishwi kwa kufichwa visu vyote. Huonyeshwa namna ya kukishika. Wengi wetu tutamaliza shule mwaka huu, na kesho tutawekwa katika zahanati, maduka na ofisi za vijiji, mbele ya kompyuta kuukuu kama hizi. Humo hamna insha, mna majina ya wagonjwa na hesabu za watu. Afadhali tukosee sasa, mwalimu akiwa pembeni.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, sheria ya kunakili iandikwe kwa herufi kubwa ukutani mwa chumba cha kompyuta. Pili, diski moja ya nje itengwe kwa kazi hiyo tu, itunzwe ofisini, na nakala zifanywe kila Ijumaa, hata kompyuta zikiwa nzima. Tatu, Jumamosi moja kila mwezi mwalimu atufundishe kutengeneza, darasa kwa darasa. Nne, hili linatuhusu sisi wa kamati: karatasi ya insha isichomwe mpaka gazeti limechapwa na kugawiwa.

Wazazi wanaosoma gazeti hili nao wasidhani kwamba hayo ni ya shule tu. Picha za harusi na hesabu za duka zilizomo katika kompyuta ya nyumbani huenda nazo zinakaa juu ya sahani zile zile zinazozunguka. Wazee walisema akiba haiozi, na nakala ni akiba.

Mwalimu wetu wa kompyuta, nakuomba msamaha mbele ya shule nzima. Na wewe mdogo wangu wa Kidato cha Pili, ukikumbuka maneno ya bibi yako, hata machache, yaandike tena uniletee. Nitayapiga chapa mwenyewe, na nakala nitafanya mbili.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne