Chuo kikifungwa, mtoto anakwenda wapi?
Aprili 29, 2024, wanafunzi wa Wells College, chuo kidogo kijijini Aurora, jimbo la New York, waliambiwa muhula huo ndio wa mwisho. Fedha zilikuwa zimeisha. Henry Wells, mmoja wa waanzilishi wa Wells Fargo, alikianzisha mwaka 1868 kwa ajili ya wasichana. Wavulana walipokelewa kuanzia 2005 kwa sababu wanafunzi walipungua.

Waliomaliza walipata mahafali yao. Wa mwaka wa pili je? Walielekezwa Manhattanville, chuo kingine jimboni humo, wakiwa na wiki chache tu za kujipanga. Kwa kijana wa miaka 19, huo ni mshtuko.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza: mkifunga, masomo aliyofaulu mwanangu yatatambuliwa wapi?