Si kila mmea unataka udongo

Dominika ya leo tuanze na ua, kisha tuingie kwenye jumuiya zetu.

Mtu anayepewa okidi kwa mara ya kwanza hufanya kile tulichofundishwa sote tangu utoto. Hutafuta udongo mweusi, huchanganya na samadi, hushindilia vizuri, humwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa majani yanalegea. Anaongeza maji. Mmea unakufa. Ukiuchomoa utakuta mizizi imekuwa ya kahawia, laini, inateleza. Haukufa kwa kiu, bali mizizi imekosa hewa ikaoza.

Okidi nyingi zinazofugwa nyumbani hazina asili ya ardhini. Huota juu ya matawi ya miti, nyingine kwenye miamba. Mizizi yake imevikwa tabaka kama sponji: hunywa maji ya mvua upesi, kisha inataka kukauka na kupumua. Kwa hiyo wakulima wengi wa maua huipanda kwenye kokoto za udongo wa mfinyanzi, zilizochomwa katika tanuri linalozunguka kwa joto la nyuzi 1,200 hivi, zikaumuka na kujaa vitundu ndani. Asiyezipata anaweza kuponda tofali la kuchoma na kuchanganya na vipande vya mkaa. Huziosha kwanza zitoke vumbi. Chungu huwa na matundu ili maji yapite yasituame. Mzizi uliolowa huwa wa kijani. Ukirudia rangi ya fedha, ndipo unamwagilia tena.

Watu wakiiona okidi juu ya mti huiita kupe. Wanaisingizia. Mti umeipa mahali pa kushika tu. Chakula chake inakipata kwenye mvua, vumbi na majani yaliyooza.

Ndugu msomaji, wapo Wakristo wa namna hii, na Mwanza imejaa wao. Kijana aliyetoka Ukerewe au Kwimba, amepanga chumba kimoja juu ya mawe ya mlimani, mwakani atakuwa mtaa mwingine. Mbeba mizigo wa Mwaloni Kirumba ambaye kazi yake huanza kabla hakujapambazuka. Mlinzi wa usiku. Mvuvi wa dagaa anayehama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine akifuata samaki. Hawana shamba hapa, wala nyumba, wala jirani wa miaka 10.

Jumuiya Ndogo Ndogo ni zawadi kubwa. Maaskofu wa AMECEA walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji mwaka 1976, na ninaamini hakuna kilicholisha imani ya familia zetu kuliko hizo. Lakini tuseme ukweli: tumeziandaa kwa ajili ya mwenye nyumba. Katika mitaa mingi watu hukutana nyumba kwa nyumba, Jumamosi alfajiri, na jina la asiyefika linabaki bila alama kwenye daftari. Ni udongo mzuri kwa mahindi. Kwa okidi ni kaburi.

Halafu siku inafika. Mtumbwi umepinduka, kijana amezama. Ndugu wanafika parokiani kuomba misa ya mazishi. Swali la kwanza: alikuwa jumuiya gani? La pili: kadi yake ya zaka iko wapi? Hawana jibu, na marehemu anazikwa bila padre wala katekista. Mtaani wanasema, “Huyo alikuwa kupe tu, alilitaka Kanisa siku ya kufa.”

Hapa sikubaliani, na nasema hivyo kama padre. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, Kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waliouasi wazi imani, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekwaza waamini, na hao wote, ikiwa hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Penye shaka, askofu aulizwe. Daftari la mahudhurio halikutajwa. Wala deni la zaka.

Utaniambia: Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mbegu iliyoangukia penye mwamba ilinyauka. Ni kweli, lakini soma tena Mathayo 13. Ilinyauka kwa kukosa mizizi. Kijana anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kusukuma mtumbwi gizani ana mzizi, ila hauko mahali tulipozoea kuchimba.

Mwenyekiti wa jumuiya naye ana hoja: tukilegeza, kila mtu atabaki kwake. Hoja yake nzito, na okidi yenyewe inamuunga mkono. Mbegu yake ni kama vumbi, karibu haina akiba ya chakula. Porini haiwezi kuanza maisha mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Hakuna okidi iliyojilea peke yake, na hakuna Mkristo wa peke yake. Kwa hiyo siombi tufute jumuiya. Naomba tubadilishe kinachojazwa ndani ya chungu.

Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Basi jumuiya ya mwaloni ikutane siku za mbalamwezi, pale pale ufukweni. Walinzi wakutane saa wanapotoka lindoni. Mpangaji anayehama apewe barua ya kumtambulisha aendako, badala ya kufutwa jina. Na kabla ya kuuliza kadi ya marehemu, tujiulize ni nani kati yetu aliyewahi kumtembelea.

Katika Yohane 21, mitume wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Yesu mfufuka hakuwasubiri Yerusalemu. Alisimama ufukweni alfajiri, saa yao ya kurudi, akawauliza kama wana samaki, akawawashia moto, akawapa mkate na samaki wale. Maswali mazito kwa Petro aliyauliza baada ya chakula.

Wiki hii, wewe kiongozi wa jumuiya, fungua daftari. Chagua jina moja lisilo na alama kwa miezi mingi. Usimpelekee barua ya onyo. Uliza kwanza anatoka kazini saa ngapi, kisha umfuate saa hiyo.

Dominika njema.