Glavu za Kijana Aliye Nairobi



Wasomaji wetu watukufu, na hasa akina mama, wiki hii tunaomba idhini tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni glavu. Hatukusudii zile nyeusi nyepesi ambazo baadhi ya dada zetu huzivaa pamoja na nikabu. Tunakusudia glavu za kijana aendeshaye pikipiki alfajiri katika baridi ya Nairobi, na mama yake yuko huku kwetu pwani, hajui baridi hiyo ilivyo.

Sisi tuna kipupwe. Kusi ikivuma na usiku tukavuta shuka, husema baridi imeingia. Lakini hata mwezi wa Julai, usiku wa Mombasa haushuki sana chini ya nyuzi 20. Nairobi imekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jua lake hushinda nyuma ya mawingu. Alfajiri hufika nyuzi 11, na pengine chini ya 10. Hiyo ni baridi ya mtu aliyesimama. Anayekwenda kwa pikipiki mwendo wa kilomita 50 kwa saa hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na kwa hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, ngozi iliyo wazi huzihisi zile nyuzi 11 kama nyuzi 7. Mikono ndiyo iliyotangulia mbele, na ndiyo inayopigwa kwanza.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulialikwa Nairobi katika shughuli ya nikahi. Tulilala Kibera, mtaa wa Makina, kwa jamaa wa Kinubi, watu ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na waliishi pale tangu palipokuwa msitu. Baada ya sala ya alfajiri tulitaka kwenda Kawangware kumzuru mgonjwa. Akaja kutuchukua kijana wa mtaa wetu wa Mombasa, ambaye tumemfundisha juzuu ya Amma kwa mkono wetu, na ambaye sasa ni mwendeshaji wa bodaboda.

Tulipomwona tulicheka. Mikononi alikuwa na glavu kubwa kama za bondia. Tukamwuliza, akasema, "Mama alinitumia pesa, ami. Aliniambia ninunue nene kuliko zote." Alizinunua soko la Toi, lile soko la mitumba lililopakana na Kibera, ambamo nguo za nchi za theluji hufunguliwa kila siku kutoka kwenye mabelo. Zilikuwa glavu za watu wanaoteleza juu ya theluji kwa mchezo. Zina joto, hilo halina shaka.

Tukatoka Barabara ya Ngong kwenye ukungu na manyunyu, tukafika Dagoretti Corner, tukaingia Barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware. Hapo mtoto wa shule, mkoba mgongoni, akakatiza barabara. Kijana wetu akaitafuta breki, na vidole vikaparaza tu juu yake, vikateleza, kisha vikaipata. Pikipiki ilisimama hatua moja kutoka kwa yule mtoto, naye akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulishuka tukasimama kando ya barabara, miguu ikitetemeka, wala si kwa baridi. Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Ami, nisamehe. Vidole havikuiona breki."

Tufanye hesabu. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde moja. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, imekwisha pita zaidi ya mita 5, urefu wa sebule nzima. Roho ya mtoto wa watu ilikuwa ndani ya sebule hiyo.

Kwa hofu, akazivua, akaendesha mikono mitupu hadi Kawangware. Tulipofika stegi ya 46 hakuweza kufungua ukanda wa kofia yake ngumu, ikabidi tumfungulie sisi. Kumbe mikono mitupu nayo si dawa. Mwili ukipata baridi huirudisha damu ndani, kifuani na tumboni, na vidole huachwa na damu kidogo. Hufa ganzi, hukosa nguvu, huwa vizito. Mwenye glavu nene mno na asiye na glavu kabisa wote wawili wanaifikia breki kwa kuchelewa.

Mwenyezi Mungu ametuagiza tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Tukaketi kwenye kibanda cha chai na waendeshaji wakongwe wa Kawangware, tukawauliza, na waliyotuambia ndiyo tunayowaletea.

La kwanza, glavu ya pikipiki hutazamwa kwa kuzuia upepo kabla ya kutazamwa unene wake. Glavu ya sufu iliyofumwa kwa mkono ni nzuri kwa aliyekaa, lakini upepo hupenya katika matundu yake. Ngozi laini, au kitambaa kilichosokotwa kwa kubana, chenye bitana nyembamba ya joto ndani, hushinda sufu nene mara mbili. Mama mwenye kujua kufuma asivunjike moyo. Sufu yake ikiwa nyembamba, huvaliwa ndani ya ngozi, mradi vidole visibanwe.

La pili, kipimo cha sarafu. Weka shilingi moja mezani, vaa glavu, jaribu kuiokota. Dada zetu wanaovaa glavu kwenda sokoni wanaijua shida ya kuhesabu chenji. Vidole vinavyoweza kuokota sarafu vitaiona breki. Visivyoweza, iache glavu hiyo hata ukipewa bure. Kisha kaa juu ya pikipiki iliyozimwa, ukamate breki na klachi mara kumi. Kiganja kisiteleze, na kitambaa kisijikunje kati ya vidole na chuma. Kwa sababu hiyohiyo zile glavu nyororo za nikabu hazimfai kijana, maana huteleza.

La tatu, kipimo cha mkono. Glavu ya kubana huzuia damu, na mkono hupoa ndani yake. Iliyo pana mno huacha ncha tupu mbele ya vidole, na ncha hizo hunasa. Iwe ndefu hata kuufunika mfundo wa mkono na kukutana na koti, maana upepo huingilia mlango ulioachwa wazi.

La nne, kwa anayenunua mitumba, aingize mkono wenye unyevu kidogo kisha autoe. Bitana ikitoka pamoja na vidole, haijashonwa imara, na siku ya mvua hataweza kuivaa tena haraka. Akague mishono ya kiganja, na ahakikishe kwamba amepata ya kulia na ya kushoto, maana belo haina ahadi hiyo.

La tano, mvua. Glavu iliyolowa ni baridi kuliko mkono mtupu uliokauka. Mwenye uwezo awe na jozi mbili. Asizikaushe juu ya jiko, kwani ngozi hukakamaa na kupasuka. Aziweke penye hewa, kivulini. Wengine hufunga kwenye usukani vifuniko vipana ambavyo mikono huingizwa ndani. Huzuia upepo na mvua vizuri, lakini anayevitumia ahakikishe kwamba mikono inatoka kwa wepesi akianguka.

Sasa tuje kwenye suala ambalo kijana wetu alituuliza, na ambalo huenda wengine wanalo. Je, anayetawadha kwenye baridi anaweza kupangusa juu ya glavu, kama apangusavyo juu ya khofu za miguuni? Jawabu ni hapana. Khofu zina ruhusa iliyothibiti: mkaazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu na masiku yake, kwa sharti kwamba alizivaa akiwa na udhu kamili. Mikono haikupewa ruhusa hiyo. Al-Mughira bin Shu'ba, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia kwamba katika safari ya Tabuk alimmiminia Mtume, rehema na amani zimshukie, maji ya udhu, naye alikuwa amevaa juba lenye mikono myembamba isiyopandishika. Mtume hakupangusa juu ya juba. Alizitoa mikono yake kwa chini, akaiosha, kisha akapangusa juu ya khofu zake. Siku moja, udhu mmoja, na hukumu mbili zimebainika.

Basi glavu huvuliwa, mikono huoshwa hadi viwikoni, na anayeukamilisha udhu wake katika taabu ya baridi ana ujira wake. Na kwa rehema ya dini, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ingawa wanapendelea kuacha kujifuta baada ya udhu, wamemwondolea neno anayejifuta kwa haja, na baridi ni haja. Kitaulo kidogo ndani ya koti kinatosha. Asivae glavu juu ya mkono uliolowa. Katika sijda, bora viganja viguse chini bila kizuizi, lakini aliyesali na glavu zake, sala yake imesihi kwa kauli yenye nguvu.

Alasiri ya siku ile tulirudi Toi pamoja naye. Tulizunguka vibanda vingi, sarafu mkononi, na wauzaji wakitushangaa. Mwishowe tukapata jozi ya ngozi ya kahawia, imechakaa kidogo kwenye vifundo, lakini iliokota shilingi mara ya kwanza. Zile za bondia tulimpa mlinzi wa usiku ambaye hukaa kitini hadi asubuhi. Hana breki ya kukamata, na kwake unene ule ni neema tupu.

Kijana alituomba tusimweleze mama yake habari ya yule mtoto. Tulinyamaza, kwa kuwa siri ilikuwa yake. Baada ya miezi akamweleza mwenyewe, na ni mama huyo aliyetutaka tuandike haya. Alituambia, "Sheikh, mimi nilidhani nene ndiyo huruma."

Hatumlaumu. Mapenzi ya mama hayana kasoro. Kilichopungua ni khabari. Alijua kwamba mwanawe anahisi baridi, ila hakuuliza mikono ya mwanawe inafanya kazi gani. Nasi wengi ni hivyo: tunatuma pesa Kibera na Kawangware, twauliza kama amekula na kama amesali, kisha twakata simu. Tumwulize pia anaondoka saa ngapi, anapita njia ipi, mikono yake ikoje afikapo. Na anayemiliki pikipiki na kupokea hesabu kila jioni ajiulize kama ameshiriki katika kumsitiri yule anayeiendesha. Sheria imeamuru kofia ngumu na koti lenye kung'aa. Glavu ni juu ya insafu yetu.

Katika Surat An-Nahl, Mola wetu anapotutajia manufaa ya wanyama wa kufugwa, ametanguliza joto tunalolipata kwao. Joto ni neema iliyotajwa na Mwenyezi Mungu, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa panapostahiki. Ewe mama, kabla ya kutuma pesa ya glavu wiki hii, mpigie mwanao simu, umwambie aweke shilingi mezani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio njiani, na watoto wa watu wanaokatiza mbele yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.