Mikoko Yahesabiwa, Tope Lasahauliwa

Maji yakikupwa katika ghuba ya Chake Chake, kisiwani Pemba, kina mama huingia mikokoni na vikapu vyao kutafuta chaza na kombe. Mguu huzama hadi gotini, na ukichomolewa hutoka na tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo ina maana yake. Chini huko hewa haifiki, hivyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno, na mabaki yake hulimbikizana mwaka baada ya mwaka.

Tope hilo ni ndugu wa mboji ya vinamasi. Ardhi ya mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imehifadhi takriban theluthi moja ya kaboni iliyomo udongoni. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakizamisha vyuma vya kupimia katika vinamasi vya Bonde la Kongo walitangaza kilomita za mraba 145,500 za mboji, zenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Msitu uliofunika vinamasi hivyo ulikuwa ukionekana siku zote. Kilichokosekana ni vipimo vya chini yake.

Pemba nayo imezoea kutazama juu. Kwa karne nyingi mkoko ulikuwa boriti, zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni na kuamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe. Ukawa pia kuni za tanuri za chokaa. Leo zipo kampeni za kupanda miche. Ni jambo jema, ila mara nyingi huchomekwa aina moja tu, mkoko wenyewe, kwa kuwa mche wake ni mwepesi kupatikana, ilhali kila mti una kwao: mlilana husimama mbele panapopiga bahari, mchu huvumilia chumvi nyingi. Kaa, samaki na ndege hufuata mchanganyiko huo. Na mche wa juzi haurudishi tope la karne.

Faida ya kupima kwanza inaonekana Gazi, pwani ya Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu miaka ya 2010, na fedha zimeleta maji na vifaa vya shule kijijini. Msingi wake ni utafiti wa miaka mingi.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Pemba, na kina mama wa chaza wanaujua kila mkondo wa ghuba. Wakutanishwe, wapewe vifaa, na vipimo vyao vitangulie kila kibali cha kukata au kujenga mikokoni.